Punje ya Tatu

Miaka ya themanini, wakati sabuni ilipokuwa ikipatikana kwa foleni, nilifundisha hesabu darasa la kwanza huko Bweranyange. Chaki moja tuliikata vipande vitatu ili itufikishe Ijumaa. Asubuhi nzima watoto waliniimbia moja, mbili, tatu, na nikirudi nyumbani masikio yalikuwa bado yanavuma. Nilikuwa na uchovu wa aina ile ambayo usingizi hauitoi. Nikikumbuka sasa, najishangaa kwamba kila jioni nilikaa tena chini kufundisha hesabu, kwa mwanafunzi mmoja ambaye hakusema neno.

Mwanangu wa pili alipatwa na degedege akiwa na miezi tisa. Nilimkimbiza zahanati akiwa amekakamaa mikononi mwangu, na alipozinduka mganga akaniambia, "Amepona, mama. Mengine tutayaona akikua." Hayo mengine ndiyo yaliyonimaliza. Mtoto alitambaa, akasimama, akatembea, nami nikawa kila siku ninamchungulia usoni nione kama akili imebaki au imeondoka na ile homa. Alifikisha mwaka na miezi minane hajasema hata mama.

Dada yake katika umri huo aliimba namba hadi kumi, mimi kichwa kinanivimba kwa fahari. Baadaye niligundua kwamba ulikuwa wimbo tu, maana ukimtuma vikombe viwili alikubebea vyote vilivyokuwemo kabatini. Lakini hata wimbo ni kitu. Huyu mdogo hakuwa nao.

Mama mkwe, tuliyeishi naye, alikuwa na maelezo yake kuhusu ugonjwa ule. Kwao mtoto hahesabiwi. Ukimuuliza ana watoto wangapi atakujibu, "Wapo," na hapo maneno yameisha. Siku moja niliwanyooshea vidole watoto waliokuwa uani, wetu na wa jirani, nijue ndizi zitatosha. Mama mkwe akaangusha kisu cha kumenyea.

"Mwalimu," alisema, maana hivyo ndivyo alivyoniita akitaka kunitania, "hizo hesabu ziache hukohuko shuleni kwako. Hapa utatumalizia watoto."

Alicheka, lakini kisu alikaa muda kabla ya kukiokota, nami nilijua anadhani hesabu zangu ndizo zilizoleta degedege. Niliumia. Niliumia zaidi kwa sababu usiku ule na mimi nilifikiria hivyohivyo.

Kisha shangazi ya mume wangu akatuma salamu kutoka Rugera. Mtoto wa namna ile, alisema, apelekwe kwake. Shule itamtesa bure, ila kwake atafukuza ndege kwenye mtama na hatakosa chakula. Mume wangu alikuwa bwana shamba, alikuja nyumbani Jumamosi tu. Alivua viatu vyenye matope, akasema, "Shangazi ana nia njema." Nilitaka kugomba, nguvu zikakosekana.

Ndipo nikaanza masomo yangu ya jioni. Nyumbani hatukukosa akamwani, ile kahawa iliyochemshwa na majani ikaanikwa, ambayo mgeni hupewa aitafune kabla ya neno lolote. Nilichukua kopo tupu la maziwa, nikamkalisha mtoto mbele yangu, nikadondosha punje moja, ya pili, nikajifanya kudondosha ya tatu, yeye akitazama. Kwa siri niliiacha punje ya tatu kiganjani, nikaifunga kwenye pindo la khanga. Halafu nikampa kopo. Nilijiambia kwamba mwenye akili akitoa mbili, mkono wake utarudi kutafuta ya tatu.

Alitoa mbili. Akanitazama. Akanyanyuka, akazipeleka kwa bibi yake, akaenda zake kufukuza kuku.

Nilirudia kesho yake, na kesho kutwa, na wiki nzima. Ni vilevile: punje mbili, ananitazama, anaondoka. Kopo hakulirudia hata mara moja. Jumamosi nilimwambia mume wangu, "Labda shangazi ana haki," na kusema kweli nilipolisema nilisikia nafuu fulani, kama mtu aliyetua mzigo njiani bila kufika. Hiyo nafuu mpaka leo inanitia aibu.

Shangazi akaja mwenyewe siku ya mapumziko, na wanawake wawili wa ukoo, kumchukua. Mama mkwe alitandika nyasi mpya sebuleni. Tukaamkiana, tukaulizana habari za migomba na za magonjwa, na za mtoto bado hazijaguswa. Nilikuwa nimekaa kwenye nyasi, mgongo ukutani, nguo zake chache nimeshazifunga.

Wageni nao mama mkwe hakuwahesabu. Alikung'uta kopo la kahawa, na kwa kuwa msimu ulikuwa umekwisha zikatoka punje nne tu. Akazitia kwenye kikapu kidogo, akampa mtoto, akamsukuma kwa upole. "Wape, mwana wange."

Nikafumba macho. Nilijua atazimwaga zote mapajani mwa wa kwanza.

Nilipofumbua, shangazi alikuwa na punje moja kiganjani. Mtoto akaenda kwa wa pili, akampa moja. Wa tatu, moja. Akageuka kwa bibi yake, akampa moja. Kisha akaja kwangu na kikapu kitupu. Akakitazama, akanitazama mimi. Hakulia, wala hakulifuata kopo. Akaweka kikapu chini, akapiga magoti, akaanza kulifungua pindo la khanga yangu kwa vidole vyake viwili, taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa nyumbani kwake.

Ndani ilikuwamo punje ya jana.

Akaichukua, akaniwekea mkononi, akakaa chini. Kila mtu alikuwa amepata.

Kumbe alikuwa akijua wiki nzima. Hakuitafuta ya tatu kwenye kopo kwa sababu hakuwa na haja ya kuitafuta. Aliniona nikiificha, akanyamaza, akaniachia.

"Ah, Mwalimu!" mama mkwe akapiga makofi. "Kahawa unayo kiunoni, na wageni wanakung'utiwa kopo?"

Wanawake wakacheka. Mimi nikatafuna. Punje ilikuwa na jasho langu, ilikuwa chungu, na machozi yakanitoka mbele ya wageni. Shangazi hakucheka. Alimtazama mtoto kwa muda, akizungusha kahawa yake mdomoni.

"Huyu anajua nani hajapata," alisema hatimaye. "Wa namna hii huyu hafukuzi ndege. Mwacheni kwenu."

Wakaendelea na habari za migomba. Mtoto alikuwa amejilaza kwenye paja langu, akicheza na lile pindo, analifunga na kulifungua. Nakumbuka nilitaka kusikiliza wanachosema, angalau kwa heshima. Nililala palepale kwenye nyasi za wageni, mchana kweupe, na mama mkwe hakuniamsha.