Gari la Rangi ya Mawese

Mwaka wa uhuru nilikuwa nimeolewa miezi saba, na nilikuwa nafua na kupiga pasi nyumbani kwa mzee mmoja Mgiriki, mnunuzi wa pamba hapa Uvira. Mume wangu alikuwa shofere wake. Mzee hakuwa na mke wala mtoto.

Alikuwa ameagiza gari Ulaya, gari dogo la mbio, la watu wawili tu. Lilichukua zaidi ya mwaka kufika, na katika mwaka huo macho yake yakaenda yakififia mpaka yakazima. Hakumwambia mtu. Mimi nilijua kwa sababu asubuhi moja nilimkuta akimimina kahawa kando ya kikombe, meza inalowa, naye anaendelea kumimina. Nikamshika mkono, nikausogeza mpaka kwenye kikombe. Sikumwambia mtu, hata mume wangu.

Habari ilipokuja kwamba gari limefika bandarini Kalundu, mzee aliniambia nivae viatu, twende wote.

Mume wangu alishangaa. "Bwana, mama wa kufua anaenda kufanya nini ku bandari?"

"Iko na kazi," mzee akajibu.

Tulilikuta limeshateremshwa, liko kando ya ghala, wapakuzi wamelizunguka. Karani akaja na karatasi. Alitaka mzee alikague, kisha atie sahihi kwamba limefika zima. Mzee akanishika kiwiko kama mtu anayeogopa kujikwaa, akaniinamia.

"Rangi gani?"

"Ya mawese, Bwana. Mawese yakiwa bado ya moto."

Akacheka kidogo. "Sema tena."

Tukalizunguka polepole. Nikamwambia kwamba liko chini sana, linanifika kiunoni. Kwamba mbele ni refu kuliko nyuma, na usukani ni wa mbao. Kila nilichotaja alikiwekea kiganja. Tulipofika kwenye mlango wa kushoto nikanyamaza.

"Kuna nini?"

Niliogopa. Sikutaka kumharibia furaha ile. "Kuna mkwaruzo, Bwana. Urefu wake kama kidole."

"Nionyeshe."

Nikaupeleka mkono wake mpaka pale. Akaupapasa mkwaruzo mara mbili, kisha akamgeukia karani, akasema kwa ukali, "Mlango huu umekwaruzwa. Andika." Karani akachuchumaa kuutafuta. Hata yeye alikuwa hajauona.

Hapo ndipo mume wangu alipoelewa. Nilimwona akitutazama, mzee na mimi. Alimfungulia mzee mlango wa upande wa pili, usio na usukani, kana kwamba walikuwa wamekubaliana tangu zamani.

Waliondoka wawili, mimi nikarudi kwetu Kimanga kwa miguu. Jioni mume wangu aliingia nyumbani amejaa vumbi mpaka kwenye kope.

"Tulipopita Sange, njia ikanyooka," akanieleza. "Akaniambia, kanyaga. Nikakanyaga. Akatoa kichwa nje, akaanza kupiga kelele. Tulienda hivyo mpaka Luvungi."

"Alikuwa analia?"

"Sijui. Upepo ulikuwa mwingi. Minye pia nilikuwa nalia." Kisha akaniuliza, "Weye ulijua tangu lini?"

"Tangu masika."

Akanipangusa shavu kwa kidole chenye vumbi, akanichafua, tukacheka.

Kwa miaka iliyofuata walitoka hivyo kila Jumapili baada ya misa. Halafu uasi ukafika Uvira. Nilikuwa na watoto wawili tayari. Wapiganaji walikuja kuchukua magari, na mzee akawapa ufunguo kwa mkono wake mwenyewe. Alibaki barazani, ameinamisha kichwa, akisikiliza mlio ukienda.

"Amekosea gia," akasema. Hayo tu.

Kulipokucha, tukiogopa wasirudi kumchukua yeye mwenyewe, tulimpeleka mpakani Kavimvira, mume wangu mkono mmoja, mimi mwingine, mtoto mdogo mgongoni, mkubwa akitufuata. Mlinzi mwenye bunduki alitusimamisha. Akapitisha kiganja mbele ya macho ya mzee; hayakupepesa. Akatazama pembeni, akasema, "Apite." Mzee alitubusu sote, watoto na sisi, kwenye paji la uso, mmoja mmoja, akavuka akiongozwa na mwanamke tusiyemjua aliyekuwa anakwenda Bujumbura.

Gari lilionekana baadaye kwenye mashamba ya mpunga ya Sange, halina magurudumu. Mume wangu hakutaka kwenda kuliona.

Vita vilipotulia tulipata barua ya mzee, iliyoandikwa na mtawa kwa niaba yake. Alikuwa amepasuliwa jicho moja, na sasa aliona kidogo. Aliomba picha yetu, kwa sababu, alisema, nilipoanza kazi kwake macho yalikuwa yameshachoka, na uso wangu hakuujua.

Tulikwenda kwa mpiga picha, mimi na mume wangu na watoto. Mdogo alikataa kutulia, kwa hiyo kichwa chake kimetoka kama moshi. Tukaituma hivyo hivyo. Jibu halikuja, na mpaka leo sijui kama ilimfikia.