Laurenti na Kijiti cha Mpera

Fundi wa huku kwetu Kihonda akikwambia gari lako "limejaa urembo," chukua funguo zako uondoke. Urembo kwao ni ile mipira myembamba yote inayopita huku na huku juu ya injini, vali zake, na kile kidude kinachorudisha moshi kidogo ndani ili unaotoka nje usiwe mkali kwa wanaouvuta. Waliotengeneza gari walikaa wakafikiri, wakaupa kila mpira kazi yake. Sisi tunaleta kisu. Tunakata, tunaziba, tunamwambia mwenye gari kwamba sasa limekuwa jepesi, na yeye anatushukuru.

Nasema kwa hasira na sitaomba radhi. Jina langu Furaha, nina duka la mipira na klipu mbele ya gereji yetu, na najua kuna atakayesema nalalamika kwa sababu magari yakizibwa mimi siuzi. Aseme. Nimekaa hapa muda wa kutosha kuona magari yanayorudi yakiburutwa, na mengine hayakurudi kabisa.

Katika gereji nzima ni mtu mmoja tu asiyekubali kukata. Anaitwa Laurenti, mzaliwa wa Nyandira, huko juu Mgeta, ambako watu wanalima karoti kwenye miteremko ambayo wewe na mimi tungeishuka kwa makalio. Aliposhuka mjini alipokewa na Mzee Said, fundi aliyemfundisha karibu kila mtu anayeshika spana upande huu wa mji. Mzee Said alimfundisha injini, akamlisha nyumbani kwake, na siku ya harusi ya Laurenti alikwenda mpaka kanisani, yeye Mwislamu wa swala tano, akasimama upande wa baba. Ukimsema vibaya Mzee Said mbele ya Laurenti, umetafuta ugomvi.

Lakini kufuata mipira hakufundishwa na mtu. Ni kitu alichokipenda mwenyewe. Anaanzia kwenye pampu ya vakyumu, ile inayofyonza hewa, nyuma ya altaneta, anafunga kipande cha kitenge kwenye mpira wa kwanza, kisha anaufuata kwa vidole hata pale macho yasipofika, chini ya kabini, pembeni ya fremu, mpaka unapoishia. Akifika mwisho anauchomoa, anauweka mdomoni, anavuta hewa na kubandika ulimi kwenye tundu. Ulimi ukishikwa, mpira ni mzima pamoja na kilicho mbele yake. Ulimi ukiachiwa, kuna mahali panavuja. Wenzake wamempa jina la Ndama, kwa sababu ananyonya magari. "Ndama, leo maziwa yametoka?" wanamuuliza, naye anacheka nao huku midomo imejaa masizi. Mimi sicheki. Wanaomcheka ndio hao wanaotibu kila ugonjwa wa gari kwa bolti na kipande cha bati.

Sasa kulikuwa na dereva anaitwa Abel, mwenye Kenta, lori dogo kuukuu linalopanda Nyandira kila siku ya soko na kushuka na magunia ya karoti na kabichi, na watu wamekaa juu ya magunia. Kiti cha mbele ni cha Editha, dada yake Laurenti, anayeleta mboga zake mjini na mtoto mgongoni. Anayeijua barabara ile, kutoka Nyandira kupita Langali mpaka Sangasanga, anajua kwamba upande mmoja ni mlima na upande wa pili ni hewa.

Abel alifika gerejini asubuhi, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi. "Dada Furaha, breki zimekuwa ngumu," akaniambia. "Nakanyaga kama nakanyaga jiwe. Wiki iliyopita nimeshuka kwa gia na kwa sala."

Na gari hilo lilikwishazunguka gereji yote. Mmoja alibadilisha viatu vya breki. Mwingine alitoa upepo kwenye mafuta. Mwingine akamuuzia masta silinda mpya. Hakuna aliyeinua kabini afuate mpira wa vakyumu mpaka mwisho, ingawa hata mimi muuza mipira najua kwamba gari la namna ile busta yake ya breki inasaidiwa na vakyumu, na vakyumu ikipotea dereva anabaki na nguvu za mguu wake tu.

Mnajua kwa nini hawakufuata? Nitawaambia, na mkasirike na nyinyi. Walikiona kijiti.

Kila fundi hapa ana chake cha kuzibia. Kuna wa bolti, kuna wa kifuniko cha kalamu. Mzee Said, enzi zake, alikuwa anachonga kijiti cha mpera, kwa kuwa ni mti mgumu, akakipa pande sita kama nati na kukisukuma ndani ya mpira mpaka kinakwama. Ukikiona unajua Mzee amepita hapa. Na pale kwetu kuna desturi kwamba kazi ya mwalimu wako huitengui mpaka uende kwake umwombe mkono, yaani ruhusa yake. Akikupa, unatengua. Asipokupa, unashusha kabini na kunawa. Kwa hiyo kila aliyeinua kabini ya Abel alikuta kijiti cha mpera kwenye tawi linalokwenda kwenye breki ya ekzosi, ile inayobana moshi kulizuia gari mteremkoni, akasema moyoni, hapa pameshamalizwa na mkubwa, akaenda kutafuta ugonjwa sehemu nyingine. Watu wazima, wenye wake na watoto, wanaogopa kipande cha kuni.

Laurenti hakuanzia kwenye kijiti, alianzia kwenye pampu kama kawaida yake. Akafunga vitambaa vyake, akafuata, akasikiliza. Injini ikiwa inaunguruma, pale kwenye kijiti palikuwa na mluzi mdogo. Mti ulikuwa umekauka na kusinyaa, na mdomo wa mpira umepasuka kuuzunguka. Nguvu yote ya pampu ilikuwa inaishia pale, busta inapata makombo. Akashusha kabini, akajipenyeza chini yake, akaweka kidole gumba juu ya ufa akaniita nikanyage pedeli. Ikashuka laini. Akaondoa kidole, nikakanyaga tena, mguu ukagota. Nilikanyaga mwenyewe, sikusimuliwa.

"Basi kitoe," nikamwambia.

"Siwezi, dada. Ni cha Mzee."

"Laurenti, kesho Editha yumo humo."

"Najua nani yumo. Twende kwa Mzee."

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Hata hivyo tulikwenda, yeye, mimi na Abel.

Mzee Said siku hizi hafanyi kazi, magoti yamemchoka. Tulimkuta barazani na redio yake. Laurenti akainama akasema shikamoo, akaitikiwa kwa furaha, mwanangu karibu, mke hajambo, wazee huko juu wazima. Akaeleza shida taratibu, kwa adabu, kama mtu anayebeba mayai. Mzee akakunja uso.

"Nani kakwambia ni changu?"

"Nimekijua kwa kukitazama, Mzee. Pande sita."

"Kama ni changu, kiache. Kijiti changu hakijaua mtu."

"Bado, Mzee," Laurenti akasema.

Mzee akazima redio. Kisha akaomba fimbo yake na kusema atakwenda kuona kwa macho. Nikajipa moyo. Nilidhani mtu akiona kwa macho, mambo yamekwisha.

Gereji nzima iliacha kazi, ikazunguka gari. Laurenti akamwomba Mzee akae kwenye usukani akanyage. Jiwe. Akaziba ufa kwa kidole. Laini. Akaachia. Jiwe. Kila mtu pale aliona. Mzee akateremka polepole, akafuta mikono yake ambayo haikuwa imeshika kitu.

"Mpira umechoka," akasema. "Kijiti ni kizima. Zungushieni waya hapo, likafanye kazi."

Na wale mafundi, ambao macho yao yalikuwa yametoka kuona kitu kilekile nilichokiona mimi, wakaitika, "Kweli, Mzee." Mmoja alikwishaanza kukunjua waya. Damu ilinipanda. Nikawauliza kama kuna hata mmoja wao atakayempandisha mkewe kwenye gari hilo kesho na kushuka naye. Aliyeshika waya akanijibu kwamba mambo ya ufundi nimwachie fundi, mimi nikauze mipira. Nikamwambia angekuwa fundi gari lisingekuwa hapa.

Laurenti hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anamtazama Mzee tu.

"Mzee, kesho kiti cha mbele anakaa Editha na mtoto. Nyuma wanakaa watu wa kijijini kwangu. Naomba mkono wako."

"Sitoi."

"Naomba tena."

"Nimesema sitoi. Nimekufundisha mimi, au umenifundisha wewe?"

Laurenti akaokota koleo. Akainama chini ya kabini, akakishika kijiti kwalo, akakivuta. Kikatoka bila kubisha. Akamwendea Mzee Said, akakiweka kwenye viganja viwili vilivyounganishwa, kama tunavyompa mkubwa kitu, akasema, "Nisamehe." Mzee hakupokea. Aligeuka akashika njia na fimbo yake, na wengine wakatawanyika kama watu waliotoka kuzika.

Siku ile hakuna aliyemwazima hata spana. Alifanya kazi peke yake, mimi nikimkatia mipira. Akaweka mpya kutoka pampu mpaka busta. Akailegeza breki ya ekzosi iliyokuwa imeganda kwa masizi, ikaanza kufunga na kufungua. Akarudisha mpaka kile kidude cha moshi ambacho nacho kilikuwa kimezibwa. Kila mpira aliupima kwa ulimi, akarudia, halafu akamwambia Abel aende.

Kesho yake Abel alinipigia simu dukani kutoka Sangasanga. Chini ya Langali, kwenye kona, bodaboda iliyobeba mkaa ilianguka mbele yake. Alikanyaga, gari likasimama. Hapo Editha akamnyang'anya simu na kuanza kumtukana yule wa bodaboda na mkaa wake, kwa sauti ambayo duka zima liliisikia, na Laurenti akakaa chini kwenye gurudumu kuukuu na kushika kichwa. Aliyeshika waya jana akasema ni bahati.

Lakini Mzee Said tangu siku ile hajamwitikia tena. Nyumba yake iko njiani, Laurenti anapita kila asubuhi kuja kazini. Anasimama mbele ya baraza, anasema, "Shikamoo, Mzee." Mzee anatazama barabara kana kwamba hakuna mtu. Kumwacha mtu mzima na shikamoo yake mdomoni mbele ya majirani si jambo dogo kwetu. Ni kumwambia kwamba hana mkubwa. Laurenti anangoja kidogo, kisha anaenda zake. Nikamwambia apite njia nyingine. Akasema hiyo ndiyo njia yake.

Halafu yakaanza kuja magari. Kuukuu, ya watu waliozeeka barabarani. Moja lilitoka Mikese na kuni, jingine Matombo na ndizi, jingine la mchanga. Madereva wote walikuwa wanamuulizia Laurenti kwa jina lake la ubatizo, si Ndama, na kila kabini iliyoinuliwa ilikuwa na kijiti cha mpera chini yake. Sikuelewa. Mafundi wenzake hawawezi kumletea hata nzi. Nikambana dereva wa ndizi pale dukani, nikamwambia hapati klipu mpaka aniambie nani amemtuma.

Akatazama nyuma kwanza. "Mzee Said," akasema. "Anatupigia simu mmoja mmoja, wote aliotutengenezea zamani. Anasema, nendeni kwa Laurenti avitoe vijiti vyangu vyote, asibakize. Lakini ametukataza kumwambia."

Niliacha duka wazi nikaenda kumwambia palepale. Nilikuwa nimewaka. Nikamwambia huyu mzee anajua, amejua tangu siku ile kwenye usukani, anakupa kazi yake yote uisafishe na salamu anakunyima, ni uungwana gani huo? Laurenti alikuwa na mpira mkononi. Akaufuta kwa kitambaa, akaufuta tena.

"Magari yanakuja, dada Furaha," akasema. "Watu watashuka salama. Inanitosha."

Akarudi chini ya kabini haraka, ila nilikwishayaona macho yake. Haimtoshi hata kidogo.

Basi nimejipa kazi. Kila nikipita kwa Mzee Said namwamkia, naye ananijibu, marahaba mwanangu, biashara inaendaje. Kisha nasema, "Na Laurenti anakuamkia. Anasema shikamoo." Hapo anageukia redio yake, na mimi siondoki, nangoja marahaba ya Laurenti. Juzi nilisimama mpaka chai yake ikapoa na wajukuu wakatoka kunitazama. Kesho nitasimama tena.