Vidole vya Siok na Uso wa Bibi Harusi

Uzi unamponyoka Siok kwa mara nyingine, na safari hii mteja wake anafumbua jicho moja.

"We mama, utanitoa jicho!" analalamika mteja, mwanamke mnene aliyepakwa poda nyeupe uso mzima. "Nimekuja kunyonyolewa, sikuja kuuawa."

"Tulia wewe. Uzi mpya huu, bado una kiburi," anajibu Siok, ncha moja ya uzi akiwa ameibana kwa meno.

Uzi hauna kiburi chochote. Wenye matatizo ni vidole. Kidole cha shahada na cha kati vya mkono wa kulia vimevimba kwenye viungo hadi vinang'aa, na kila Siok anapopumzika huvificha chini ya taulo.

Ni asubuhi ya baridi katika uchochoro ulio nyuma ya hekalu la Bibi Mazu, mungu wa kike wa bahari, mjini Lukang, Taiwan. Kho Siok, mwenye umri wa miaka hamsini na tisa, amekaa hapa kwenye kigoda chake cha mianzi zaidi ya nusu ya maisha yake, akiwanyonyoa wanawake vinyweleo vya uso kwa uzi. Mkono mmoja unavuta, mwingine unapinda, meno yanakaza. Uzi hufunguka na kujifunga kama mkasi, na vinyweleo hutoka na mizizi yake.

Kwa uso mmoja hulipwa dola mia tatu za Taiwan. Zamani alimaliza nyuso kumi kwa siku na kurudi nyumbani akiimba. Sasa akimaliza nne anashukuru, na hizo nne humnyima usingizi kwa maumivu.

"Nyuso za watu hazinitishi," anasema Siok baada ya mteja kuondoka. "Kuna uso mmoja tu unaonitisha."

Uso huo ni wa binti yake, Un-hui, anayeolewa kabla ya mwaka mpya. Kwa watu wa Lukang, bibi harusi hatoki kwao na uso wa utotoni. Hunyonyolewa kwanza, desturi wanayoiita kufungua uso, na anayemnyonyoa sharti awe mwanamke mwenye bahati kamili: mume hai, watoto hai, nyumba isiyo na kilio. Siok amewafungulia uso maharusi wa nusu ya mji. Akishindwa kumfungulia wake wa kumzaa, atatembeaje katika uchochoro huu?

Kwenye kigoda cha jirani hukaa Lian, mnyonyoaji mwenzake, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mkali kuliko uzi wake.

"Siok! Ulikuwa unanyonyoa uso au unafuma sweta?" anapaza sauti. "Mwingine akija mlete huku, kabla hajaota ndevu akikusubiri."

Uchochoro mzima unacheka. Siok naye anacheka, kisha anainama kuutafuta uzi ulioanguka, na anachukua muda mrefu kuuokota.

Maradhi yalimwanza miaka minne iliyopita. "Niliamka asubuhi, vidole havikunjiki. Nikadhani nimevilalia," anakumbuka. Havikukunjika mpaka jua likawa kali. Hospitalini wakamwambia ni baridi yabisi, ile ambayo mwili huvishambulia viungo vyake wenyewe. Haiponi, wakasema, ila hutulizwa. Akapewa vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki na kutakiwa kupimwa damu kila baada ya muda.

Vidonge vilisaidia, lakini vilimchafua tumbo. Siku ya vidonge hakuna aliyethubutu kukaanga samaki nyumbani. Na vifungo vya blauzi bado vilimshinda. Mumewe, Khun-tik, dereva wa gari la taka, ndiye anayemfunga kila asubuhi kabla ya kwenda kazini.

"Nimeoa upya mwenzenu," anasema Khun-tik. "Zamani kazi yangu ilikuwa kufungua vifungo. Sasa nimepewa kazi ya kufunga."

Mkewe anamchapa kofi la bega, kisha anajishika mkono. Kofi limemuuma yeye kuliko mume.

Un-hui alipochumbiwa, hofu ikaingia nyumbani kabla ya zawadi za posa. Ndipo Siok akaanza kusikiliza habari za tiba ya sindano, ile ya jadi ya Kichina ya kuchoma mwili kwa sindano zisizo na dawa. Lukang kila mtu ana shangazi aliyepona kwa sindano. Kila mtu pia ana shangazi mwingine, aliyechomwa vibaya mkono ukapooza. Siok aliwasikiliza mashangazi wote na akakosa usingizi.

"Mguu wangu wauchome watakavyo," anasema. "Lakini mkono? Mkono ndio sahani yangu. Mtu akikosea hapo, nitakula nini?"

Alipopata ujasiri wa kwenda kliniki, alikwenda bila kutia kitu tumboni, kwa sababu ya hofu hiyohiyo. Daktari Tsan, mwanamume wa makamo asiye na haraka, alimwekea vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono kusikiliza mapigo, akatikisa kichwa.

"Mama, umekula?"

"Nitakula nikitoka."

"Ukichomwa na njaa utaanguka hapahapa, halafu mumeo aje anipakie kwenye gari lake na takataka. Nenda kale kwanza."

Siok akavuka barabara, akanywa bakuli la tambi laini zilizopikwa mpaka zikawa kama uji, akarudi. Alikuwa anaogopa vilevile, ila sasa alikuwa ameshiba.

Daktari alianzia mbali makusudi: mguuni, chini ya goti, kwenye kiwiko. Sindano zenyewe nyembamba kama unywele. Ya mkono aliiweka mwisho, kwenye mnofu ulio kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Sikusikia kuchomwa," anasimulia Siok. "Nilisikia kitu kizito kinapanda taratibu, kama mkono unajazwa maji. Nikajisemea, basi, nimekwisha. Nililala pale nikihesabu nitauza nini."

Jioni ile alishika vijiti vyake vya kulia chakula bila kuviangusha. Hakumwambia mtu. Aliogopa kwamba akilisema litaharibika.

Wiki za mwanzo zilikwenda vizuri mno, na uzuri huo ndio uliomponza. Watu wa makamo yake wanaamini kwamba dawa ya hospitali na tiba ya jadi ni kama wake wenza waliowekwa chumba kimoja: hakuna amani mpaka mmoja atoke. Siok akavitoa vidonge. Hakumwambia Khun-tik, wala hospitali. Daktari Tsan alipomuuliza kama anaendelea navyo, alijibu, "Ndiyo, daktari," huku akitazama dirisha.

Kisha vidole vikawaka. Vilivimba, vikawa vya moto, na goti la kushoto nalo likajiunga bila kualikwa. Hakujua alaumu sindano, baridi au nafsi yake. Tarehe ya harusi ilikwishachaguliwa katika kalenda ya siku njema, na siku njema haiahirishwi kwa sababu ya vidole vya mtu.

Mtu wa Lukang akishindwa kuamua, hupeleka shauri kwa Bibi Mazu. Siok alinunua machungwa, akawasha vijiti vya udi, akapiga magoti na vile vipande viwili vya mbao nyekundu vyenye umbo la mwezi mwandamo. Ukivitupa, kimoja kikionyesha upande bapa na kingine mgongo, Bibi amekubali. Vyote vikionyesha mgongo, amekataa. Vyote vikionyesha upande bapa, huku vikiyumbayumba sakafuni, Bibi anacheka bila kujibu.

Bibi alicheka. Siok akatupa tena, Bibi akacheka tena. Akanyanyua mbao, akazifuta kwa blauzi, akatupa. Bibi akacheka.

"Nilitaka kulia," anasema Siok. "Mimi nauliza habari za mikono yangu, yeye ananicheka!"

Lian alikuwapo siku hiyo, amekuja kumwombea mwanawe aliyekuwa na mtihani. Alikuwa amesimama nyuma muda wote, na kama ilivyo kawaida yake, hakuweza kunyamaza.

"Kwani umemuuliza nini?"

"Nimemuuliza," Siok akanong'ona, "niache vidonge nishike sindano?"

"Hayo maswali mawili, we mwanamke!" Lian alifoka hadi mfagizi wa hekalu akageuka. "Sasa Bibi ajibu lipi? Uliza moja moja." Kisha akamtazama vizuri. "Ngoja kwanza. Vidonge umeshaviacha, siyo?"

Siok akaanza kuyapanga upya machungwa.

"Umeshaviacha, halafu ndiyo unakuja kuomba ruhusa! Hata mimi ningecheka."

Siok akauliza upya, kila swali peke yake. Aendelee na sindano? Bibi akakubali. Aache vidonge? Mbao zikaanguka zimeonyesha migongo, zimetulia tuli.

Msomaji anayeona kuwa mbao ni mbao tu ana haki yake. Lakini maswali hayo mawili yalikuwa yamemkaba mwanamke huyu tangu vidole vilipowaka, na alikuwa hajapata mtu wa kumwambia kwamba ni mawili.

Kesho yake alikwenda kliniki na kusema kweli yote. Daktari Tsan ni mpole, lakini siku hiyo alirudisha sindano kwenye trei.

"Mama Siok, sindano zangu zinapunguza maumivu. Hazizuii viungo kuliwa," alimwambia. "Maumivu yakipungua unadhani moto umezimika, kumbe unaendelea chini kwa chini. Viungo vikishapinda, mimi sina sindano ya kuvinyoosha. Leo sikuchomi. Leo unakwenda hospitali."

"Watanigombeza."

"Wakugombeze. Nami nimeshakugombeza, umekufa?"

Hospitali walimgombeza kweli. Wakampima damu, wakapanga upya vidonge na kumpa cha kupunguza kichefuchefu. Wakamwonya pia kwamba dawa huchukua wiki nyingi kushika tena, na kwamba sindano anaweza kuendelea nazo maadamu kila daktari anajua mwenzake anafanya nini.

Hivyo ndivyo anavyoishi sasa, katikati ya dawa isiyoshika bado na harusi inayokaribia. Asubuhi huloweka mikono katika maji ya uvuguvugu. Baada ya hapo hujaribu uzi kwenye miguu ya Khun-tik, ambayo kwa maelezo ya mwenye miguu sasa ni laini kuliko ya bibi harusi. Siku nyingine uzi unatii. Siku nyingine, kama leo, unamponyoka mbele za watu.

Mchana anafunga kigoda na kwenda kliniki. Analazwa nyuma ya pazia la kijani, taa ya joto ikimulika mikono, sindano zikiwa zimesimama juu ya vidole vyake. Anazikodolea macho kana kwamba akipepesa zitahama.

"Daktari, vidole vitakuwa tayari siku hiyo? Niambie ukweli."

"Sijui," anajibu Daktari Tsan. "Nikikuambia najua, nitakuwa nimekudanganya. Leo uvimbe umepungua kidogo. Hilo ndilo ninalolijua."

Siok anafumba macho. Chozi linamtoka na kushuka hadi sikioni, na hawezi kulifuta kwa sababu mikono yake yote miwili imechomwa. Muuguzi anamfutia.

Anarudi uchochoroni jua likiwa limeinama. Lian yuko peke yake, anazungusha uzi kwenye kigurudumu chake. Siok anakiburuta kigoda na kukaa mbele yake, magoti yakikaribia kugusana.

"Nini?" anauliza Lian. "Umekuja kudai wateja wako?"

"Siku ya Un-hui nitaanza mimi. Paji la uso, na maneno ya baraka. Vidole vikikataa, utamalizia wewe."

Lian anaacha kuzungusha uzi. Mumewe alifariki miaka mingi iliyopita, na tangu mazishi hayo hakuna bibi harusi aliyekalishwa mbele yake. Nyuso zote anaruhusiwa, isipokuwa hizo.

"Usinichezee, Siok. Mimi mjane. Watu watasema."

"Waseme."

"Na upande wa mume? Mama mkwe wake?"

"Nimeshamwambia. Amenuna. Atazoea."

"Na mtoto mwenyewe? Na bahati yake?"

"Yeye ndiye aliyekutaja wa kwanza," anasema Siok. "Lian, nimechoka. Naogopa vidole, naogopa sindano, naogopa vidonge, naogopa hata zile mbao. Wewe sikuogopi."

Siok anamgeukia mwandishi, kama mtu anayetaka liandikwe. Tumaini lake, anasema, ni kumaliza uso wa mwanawe kwa mikono yake mwenyewe, kuanzia paji hadi kidevu, na baada ya harusi ataendelea na vidonge na sindano pamoja, bila kumficha mtu. "Lakini nikishindwa," anaongeza, "mwanangu afunguliwe uso na mtu anayeijua kazi."

Lian hasemi ndiyo. Anajifuta poda mikononi, kidole kimoja kimoja, macho ameyaelekeza chini.

"Ngozi ya huyo mtoto ikoje?" anauliza hatimaye. "Inavumilia, au inavimba haraka?"

"Inavimba."

"Basi nitatafuta uzi mwembamba."