Kabati la Seva

Ofisini kwa wapima ardhi walimwita Mama Waya, na jina likamkaa. Aliingia pale kama karani, akajifunza kompyuta kwa kudoea masomo ya wenzake, na sasa bosi alikuwa amemkabidhi shughuli nzito: kupanga seva ya kwanza ya baruapepe. Mpaka wakati huo ofisi nzima ilitumia anwani moja. Barua ya mteja ilisomwa na yeyote aliyewahi kufika, na mambo ya mapenzi ya mhasibu yalijulikana hadi kwa mlinzi.

Mama Waya akapanga. Kila mtu na anwani yake, betri ya akiba umeme ukikatika, na seva yenyewe ikae kwenye kona, ndani ya kabati lenye kufuli, maana watu wa ofisi ile walizoea kuchomoa plagi yoyote ili wachaji simu.

"Kabati nitatengeneza mimi," mumewe akasema, aliposimuliwa mpango huo wakati wa kula.

Mama Waya nusura apaliwe. Mumewe alikuwa seremala, tena wa kusifika, mpaka msumeno ulipomharibu mkono wa kulia. Tangu hapo hakugusa hata randa. Alishinda sebuleni akigombana na redio. Kwa hiyo mke hakutaja vipimo wala masharti. Alishukuru tu, akatoka haraka asije mtu akabadili nia.

Kabati lilipoletwa, watu waliacha kazi wakalitazama. Milango ilifunga kimya, hata wembe usingepenya. Lilifaa kuwekea nguo za bibi harusi. Na balaa lilikuwa hapo hapo: siku ya majaribio seva ilipata joto humo ndani mpaka ikazimika yenyewe.

Bosi akashika kiuno. "Mama Waya, tununue la chuma?"

"Nipe mpaka kesho, bosi."

Hakuwa na wasiwasi na seva, seva ingepoa. Aliogopa mumewe angerudi kwenye redio yake, na safari hii asitoke tena.

Njia nzima alitunga maneno matamu. Alipofika nyumbani yote yakamtoka kichwani.

"Mume wangu, kabati lako linaichemsha mashine. Kosa ni langu. Sikukwambia inahitaji hewa. Nilifurahi mno, nikasahau kila kitu."

Seremala akanyoosha mkono, akazima redio.

"Yaani nimekutengenezea kabati, wewe umeligeuza jiko?"

Mama Waya akacheka huku machozi yakimlengalenga.

Asubuhi walifika ofisini pamoja, mume na keekee yake. Akatoboa mgongo wa kabati kwa mkono wa kushoto, polepole, tundu baada ya tundu, safu zikanyooka, mke akimpangusia vumbi la mbao. Hakuna aliyemharakisha. Seva ikawashwa, ikatulia. Barua ya kwanza ikatoka na jibu likarudi. Ofisi ikapiga makofi, mhasibu kuliko wote.

Bosi alikuwa bado analipapasa kabati. "Fundi, nahitaji meza ya mikutano. Una nafasi?"

Seremala, ambaye hakuwa na kazi nyingine yoyote chini ya jua, akakuna kidevu.

"Nafasi ndiyo shida, bosi. Nimebanwa kwelikweli. Lakini njoo Jumatatu, nitaona nikuchomeke wapi."

Mama Waya akainama chini ya meza kana kwamba anatafuta kitu, akamshukuru Mungu kwa uongo ule.