Wigi Nililomvalisha Yeyo

Muuza maziwa ndiye aliyeniambia, Jumanne asubuhi, nikiwa sokoni Kitengela. "Yule mama wa masikio ametuacha." Nikaweka kikapu chini. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua mimi si mwepesi wa machozi, lakini nililia pale mbele ya nyanya na vitunguu bila haya. Marehemu alikuwa mwenye nyumba wangu tangu mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipotoka Ukambani kuja kutafuta kazi. Nilimwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, na jina hilo alilifanyia kazi, kwani ndiye aliyenilelea kifungua mimba wangu nikishinda kiwandani.

Kichwa chake alikinyoa kikang'aa, kama mama zake walivyofanya, na ndewe za masikio yake, zilizotobolewa na kuvutwa tangu usichana, zilikaribia kugusa mabega. Wenzake wengi wa rika lake walikwenda kushonwa ndewe ili wasichekwe mjini. Yeye alikataa katakata. Siku moja alinikuta nikijipaka krimu ya kung'arisha uso, nikijiandaa kwenda kuomba kazi ya mapokezi. Akaketi kitandani akanitazama wee. "Mzee wangu akizeeka anapewa kiti," akasema. "Mimi nikizeeka naambiwa nijirekebishe. Hii usawa yenu ya redio, itafika lini kwa uso ya mwanamke?" Nilicheka, na krimu nikaendelea kujipaka.

Miaka michache baadaye mumewe akapata mnunuzi wa shamba lao, pamoja na ploti tuliyokaa. Ilibidi mke afike mbele ya bodi ya ardhi kule Kajiado, aseme kama anakubali. Na ujanja wa baadhi ya waume wakati ule ulijulikana: walikodi mwanamke wa mjini, akapambwa, akajiita mke, akaitikia kila kitu. Yeyo aliapa kwamba atakwenda mwenyewe kukataa. Mimi nami, kwa kumpenda, nikaona bodi haitamsikiliza akienda jinsi alivyo. Nikamvalisha wigi langu, nikamfunga kitambaa kikaficha masikio, nikampaka poda. "Kwani masikio imeiba nini?" akaniuliza. Nikamwambia avumilie leo tu. Tukapitia studio akapigwa picha za pasipoti, moja ya kubandika kwenye fomu, nyingine akaenda nayo nyumbani.

Mzee mmoja wa bodi, aliyekuwa amekunywa chai kwake mara nyingi, alimtazama mara moja tu. "Mke wa huyu bwana tunamjua," akasema. "Huyu mmemtoa wapi?" Mumewe, Mungu amsamehe, aliangalia dirishani kana kwamba hamjui. Nikataka kueleza, nikaambiwa nikae. Nilikuwa nimemgeuza mke wa haki kuwa mke wa kukodi, kwa mikono yangu mwenyewe. Yeyo akafungua kitambaa, akavua wigi, akaliweka juu ya mafaili yao. Masikio yakashuka. "Sasa mnanijua?" akasema. "Nimekataa. Andika." Wakaandika. Ardhi ikabaki, lakini hakunisemesha mpaka tulipofika Isinya. "Wale wanaume walinisahau kidogo tu," akasema. "Wewe ndiye ulinionea haya."

Alinisamehe. Kesho yake alinipimia maziwa kama kawaida. Mimi ndiye niliyeshindwa kujisamehe, maana nimeandika katika safu hii mara ngapi kuhusu haki za wanawake, na mwanamke aliyenifundisha habari hiyo nilimwona hafai kuonekana.

Jumamosi tulimzika kwenye shamba hilohilo. Wanawe walipekua nyumba nzima wakitafuta picha yake, wakapata moja tu, ile ya studio. Wakaikuza, wakaisimamisha juu ya jeneza: wigi langu, kitambaa changu, poda yangu, masikio hayapo. Nilitamani ardhi inimeze. Bibi mmoja wa rika lake, aliyetoka Namanga kuja kumuaga rafiki yake, alisimama mbele ya picha ile kwa muda mrefu, kisha akanigeukia. "Huyu ni nani?" Nikamwambia ni yeye. Akatikisa kichwa, hakuniamini mpaka jeneza lilipofunuliwa, na hapo akalishika sikio la mwenzake, akalia. Wewe ambaye mama yako angali hai, nenda ukampige picha leo, na usimrekebishe kitu.