Siku Walipomuuliza Binti Yangu Anataka Nini

Binti yangu alipofika darasa la tatu, Pangani nzima ilikuwa imeshaujua ugonjwa wake, na hakuna aliyekuwa amemuuliza daktari. Jirani mmoja alisema nimemdekeza. Mwingine alisema sikumnyonyesha vya kutosha, na wakati namnyonyesha yeye alikuwa hata hajahamia mtaani kwetu. Mwalimu wake, mwanamke aliyepiga pasi nguo zake kwa bidii kuliko alivyoandaa masomo yake, alimwita kichaa mbele ya wenzake, akamkalisha dawati la mwisho, dirishani, mahali ambapo hata mimi mtu mzima ningetazama watu wakipakia nazi na kusahau kwamba kuna hesabu ubaoni. Kisha akalalamika kwamba mtoto hatazami ubao.

Sisemi hakuwa na tatizo. Ukimtuma chumvi dukani anarudi na paka. Anajibu swali kabla halijaisha, anasimama wenzake wakikaa, anaanza kazi tano na hakuna anayoimaliza. Mwishowe shule ikanitamkia waziwazi: kama atakuwa hivi mpaka mwisho wa muhula, nimtafutie shule nyingine. Na shule nyingine ya kumchukua sikuwa nayo.

Nikampeleka hospitali, Tanga. Daktari alikaa naye, akaniuliza habari zake tangu anatambaa, akataka turudi tena kabla hajasema neno. Tuliporudi akanieleza kwamba ni tatizo la umakini, kwamba wapo watoto wengi wa namna hiyo, na kwamba si ukaidi wala malezi mabaya. Akae mbele, apewe kazi kidogo kidogo, asitukanwe. Nilitoka pale nimefurahi kama mjinga.

Mwalimu alinisikiliza kama anayesikiliza tangazo la sabuni redioni. Akasema ana watoto wengi, hawezi kumhudumia mmoja kama bi harusi, na kwamba zamani magonjwa hayo hayakuwapo, fimbo ilikuwapo. Mama mkwe naye akasema mtoto ana pepo, akaagiza mganga kutoka Mkwaja. Mume wangu akasema tumridhishe mama, halafu siku yenyewe akapata safari ya ghafla. Wanaume wa ukoo ule hupata safari za ghafla kila panapohitajika mtu wa kusema hapana. Muhula ulikuwa unakwisha, nami nikanyamaza.

Ikawa alasiri, ukumbi umejaa wanawake na moshi wa ubani. Mwalimu naye alikuja, yule yule msomi, akakaa mbele apate kuona vizuri. Binti yangu akafunikwa shuka jeupe, akaambiwa atulie mpaka pepo apande. Kumwambia yule atulie! Shuka likaanza kuchezacheza papo hapo, na mganga akafurahi. Sijawahi kuona mtu akirahisishiwa kazi namna ile.

Kwetu pepo hafukuzwi hovyo. Hukaribishwa kama mgeni, huulizwa anataka nini, na akishataja lazima apewe, la sivyo atarudi na hasira. Wengi hutaka kanga, pete ya fedha au chupa ya marashi, na mama mkwe alikuwa ameshanunua vyote. Mwanamke huyo, anayeamkiwa na mji mzima, akaliinamia shuka akasema shikamoo. Shuka likaitikia marahaba.

"Karibu mgeni wetu," mganga akasema. "Tuambie, unataka nini?"

Shuka likatulia kwa mara ya kwanza.

"Nataka dawati la mbele. Na mwalimu asiniite kichaa. Na hesabu anipe chache, nikimaliza anipe zingine."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu aliweka mkono kifuani, akalijibu shuka.

"Tumesikia, mgeni wetu. Utapewa."

Nilitamani kumzaba kibao. Maneno hayo hayo nilimpelekea kutoka kwa daktari, akayatupa. Yametoka kwenye moshi, akayapokea kwa adabu zote. Jumatatu mtoto alikaa dawati la mbele.

Hakugeuka malaika. Bado hachoki kurukaruka, bado ananirudishia paka. Lakini hesabu anazimaliza, na habari ya kutafuta shule nyingine ikafa. Mganga amepata jina kubwa, mama mkwe hanyamazi kumsifu, na mwalimu huwapokea wageni darasani na kuwaonyesha mtoto aliyepona.

Siku moja nikimsuka, nilimuuliza kwa nini aliyasema yale chini ya shuka.

"Si waliniuliza," akasema. Kisha akageuka, kitana kikiwa bado kimenasa kichwani. "Mama, wakijua ni mimi niliyesema, watanirudisha nyuma?"

Nilitaka kumwambia hapana. Lakini mwalimu wake namjua, na bibi yake namjua. Nikamgeuza kichwa, nikaendelea kusuka, nikamwambia asimwambie mtu.