Tuta Nililolivunja Njiani Kwenda Magu

Siku ninayoikumbuka kuliko zote katika miaka yangu ya kukimbia, mwanangu, ilianza kwa mvua na ikaisha kwa mvua. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, mwalimu wa darasa la tatu huko Kiseke, miguu myembamba na kichwa kigumu. Miguu imenenepa. Kichwa nakuachia wewe uamue.

Jana ulikuja kunionyesha raba zako mpya na fomu ya zile mbio ndefu za porini. Nilifurahi mno, ila nilijizuia nisiseme mengi mbele ya wenzako. Leo nasema. Mimi nilizikimbia mbio za namna hiyo kabla wewe hujazaliwa, na najivunia, wala sitajifanya mnyenyekevu ili nionekane mtu mzima mwenye busara.

Siku hizo tulikuwa wachache. Walimu na askari kadhaa waliopenda kukimbia walikuwa wamepima njia ya kilomita sitini kutoka Buswelu hadi Magu, isiyogusa lami. Unapanda vilima vya mawe, unashuka ufukweni mwa ziwa, kisha unaingia kwenye udongo mweusi wa mbuga na mashamba ya mpunga. Mnaondoka saa kumi na mbili asubuhi, na saa kumi na mbili jioni kamba ya kumalizia inafungwa pale uwanjani Magu. Ukifika baada ya hapo, hujamaliza, hata kama umeiona kamba ikifungwa. Hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kufika kwa wakati. Mwaka uliotangulia mimi mwenyewe nilikwama nusu ya njia nikarudishwa kwa pikipiki, na ofisi nzima ya walimu ilinicheka muhula mzima. Wengine walicheka kwa upendo, wengine sivyo. Nikaapa kwamba safari hii nitafika, hata kwa kutambaa.

Watu husema Mwanza hakuna baridi. Waambie wakimbie tangu alfajiri wakiwa wamelowa chapachapa, upepo wa ziwa ukiwapiga ubavuni. Ilipofika saa nne vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Pakiti ya glukosi ilinishinda kuifungua, nikaichana kwa meno na nusu yake ikamwagika kifuani. Tulipoingia mbugani, tope likaanza kunasa kwenye soli, likakua, mpaka kila mguu ukawa mzito kama mtungi. Nikawa nakwangua kwa kijiti, naenda hatua kumi, nakwangua tena. Wanaume wawili niliokuwa nao waliamua kurudi. Mimi nikaendelea peke yangu, na nakwambia kweli, nilikuwa nacheka. Saa tisa alasiri nilikuwa nimebakiza kilomita kumi na tano, na muda ulikuwa upande wangu.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Njia yetu ilifuata barabara ya ng'ombe kando ya majaruba ya mpunga, na siku hiyo ilikuwa tope la magoti. Pembeni yake kulikuwa na tuta la jaruba, limenyooka, linang'aa, udongo wake umepigwa wiki hiyohiyo. Sasa, mwanangu, mimi si mtoto wa mjini. Nimezaliwa kwenye mpunga. Baba yangu, Mzee Masanja, alitulea kwa majaruba matatu, na jambo la kwanza alilotufundisha, kabla ya kusoma, ni kwamba tuta jipya halikanyagwi wakati wa mvua. Tulikuwa tunazunguka shamba zima na ndoo za maji kichwani ili tusiliguse. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Nikalitazama lile tuta, nikatazama saa, nikapanda.

Sikufika hatua ishirini. Tuta likakatika chini ya mguu wangu, nikazama mpaka gotini, na maji ya jaruba yakaanza kutoka kwa kishindo, yakibeba miche iliyokuwa imepandikizwa karibuni. Nilipojichomoa nikamwona bibi mmoja akinyanyuka katikati ya shamba, karatasi la nailoni mabegani, kishada cha miche mkononi. Alikuja taratibu, akasimama ng'ambo ya lile pengo.

"Mwadila," akanisalimu kwa Kisukuma, kama watu wanavyosalimiana mchana.

Kwetu salamu haiishi hapo. Ukiitikia unataja na ubini wako, unasema wewe ni mtoto wa nani, ili mtu ajue anazungumza na nani. Nami nilijua kwamba nikimtaja baba yangu, mkulima anayejulikana kote kule, nitapaswa kusimama. Kwa hiyo nikamjibu kwa Kiswahili kilichonyooka, kile cha kutangazia habari.

"Shikamoo bibi. Samahani sana, mimi mgeni, natoka mjini. Sikujua."

Akanitazama. "Marahaba. Basi nenda, mama. Mgeni hana kosa."

Nikaondoka nikikimbia. Yaani nilikimbia vizuri kuliko nilivyokuwa nimekimbia tangu asubuhi, kwa aibu. Nilipogeuka, yule bibi alikuwa amekaa ndani ya lile pengo, amekaa kabisa, mgongo wake ukizuia maji, huku mikono ikizoa udongo huku na huku. Maji yale yalikuwa ya baridi. Alikuwa na umri wa mama yake mama yangu.

Sitakuficha kwamba nilipiga hatua nyingine kama thelathini. Nilifikiria kamba ya Magu, nikafikiria ofisi ya walimu, nikafikiria kwamba hakuna aliyeniona. Kisha nikarudi. Nikasimama mbele yake, nikamsalimia upya, kwa Kisukuma mara hii.

"Mimi ni Mbuke, mtoto wa Masanja," nikasema. "Tuta nilikuwa nalijua."

Hakunyanyuka. Akasema, "Nilijua si mgeni. Mgeni angezama akapiga kelele. Wewe ulichomoa mguu bila kubomoa upande wa pili." Akafuta uso. "Sikia, mjukuu wangu. Tuta umelivunja kwa mguu, na hilo hutokea hata kwangu. Lakini baba yako umemkana kwa mdomo wako mwenyewe, kwa sababu ya haraka. Mbio gani hizo zinazomfanya mtu akose baba?"

Nilivua raba nikazitupa pembeni, nikaingia kwenye maji. Nikamwambia bibi atoke, akatoka, akakaa kwenye nyasi akaanza kuniamuru kama mkuu wa shule. Kata majani na mizizi yake. Weka hapo. Siyo hivyo, geuza. Udongo mzito kwanza. Kanyaga. Kanyaga tena, mwalimu, au huko mjini mnakanyaga kwa chaki? Nikakanyaga mpaka nikahisi damu imerudi vidoleni. Kila tulipodhani tumemaliza, maji yakawa yanachuruzika pembeni, na yeye akatikisa kichwa. Saa nzima iliondoka. Tulipokwisha, nikakusanya miche iliyokuwa imeelea, nikaipandikiza upya mstari mmoja mmoja, na yeye akiwa kando yangu akipandikiza mistari miwili kwa kila mstari wangu mmoja.

Aliponiaga alinishika mkono, akasema, "Sasa kimbia, mtoto wa Masanja." 

Nikakimbia. Mikono ilikuwa haiwezi tena kufunga kamba za raba, kwa hiyo nilizining'iniza shingoni nikaenda pekupeku. Ajabu ni kwamba miguu mitupu ilikumbuka tope. Vidole vikawa vinashika, na udongo ukawa haunasi tena. Niliwapita watu wanne walionipita nikiwa shambani. Nilikimbia huku nikilia na kuomba, nikahesabu kila nyumba ya bati iliyotokea mbele, na nilipoingia uwanjani Magu kamba ilikuwa imeshafungwa na kukunjwa. Mwenzangu aliyeshika saa, mwalimu wa hesabu, hakuweza kunitazama.

"Dakika tisa, Mbuke," akasema. "Siwezi kukuandika."

"Usiniandike," nikamwambia. Nikakaa chini kwenye tope nikalia kwa sauti, maana nilikuwa nimeitaka kamba ile kuliko kitu chochote. Nisikudanganye kwamba haikuniuma. Iliuma wiki mbili.

Kisha baba akaja Kiseke, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Mzee yule hakuwa mtu wa kusifu. Alama zangu zote za shule alizipokea kwa kutikisa kichwa tu. Akanywa chai, akazungumzia ng'ombe, akazungumzia mvua. Alipokuwa anavaa viatu aondoke ndipo akasema, bila kuniangalia, "Nilikuwa mnadani Magu. Watu nisiowajua wananisimamisha kunisalimia. Wananisimulia habari ya tuta la bibi, wananiita baba yake Mbuke." Akafunga kiatu cha pili polepole sana. Maisha yangu yote mimi ndiye niliyekuwa mtoto wa Masanja.

Baadaye nilifika kabla ya kamba, mara nne, na mara ya kwanza nilikuwa mwanamke wa kwanza. Medali ziko kabatini, zitoe uzione, nazipenda. Lakini ukiniuliza mbio zangu ni zipi, nitakutajia zile ambazo jina langu halimo kwenye orodha.

Kwa hiyo, mwanangu, nakuusia hivi. Jiandae vizuri, kula, lala, na uitamani kamba kwa moyo wako wote, maana kukimbia nusunusu ni kupoteza siku. Ila njia unayopita ni shamba la mtu. Ukiharibu, simama utengeneze kwa mikono yako, hata kama saa inakwenda. Na mtu akikuuliza wewe ni nani, mwambie ukweli, hasa pale ukweli utakapokuchelewesha.

Mungu akupe pumzi ndefu na miguu isiyochoka upesi. Akulinde na radi vilimani na akupe watu wema mabondeni. Na siku moja, mimi nikiwa mzee kabisa nimekaa mahali, mtu nisiyemjua asimame mbele yangu aniulize kama mimi ndiye mama yako.